Shujaa Aliyeyacheka Majitu

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, kinyozi alikuwa akimsomea jirani yake, muuguzi asiyemjua, jinsi shujaa wa riwaya alivyoyacheka majitu saba kabla ya kupigana nayo.

"Kaka, huo uongo mchana kweupe," muuguzi akasema. "Askari niliowashona majeraha wote waliwaita mama zao. Na bado walirudi vitani."

"Dada, wateja wangu huruka wembe ukigusa tu shavu. Niachie huyu mmoja asiyeogopa!"

Walibishana, wakicheka, mpaka basi liliposimama hospitalini. Muuguzi akafika mlangoni, akageuka. "Lakini anapona?"

"Sijui! Zimebaki kurasa tatu."

"Basi soma!"

Dereva, ambaye sikudhani anasikiliza, akazima injini.