Dada Yueh-chiao Anastaafu, Rafu Yake Imezimika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Tseng Yueh-chiao wa dawati la matengenezo anastaafu tarehe 30 Juni. Kiwanda chetu cha Taoyuan hakina wa kukaa pale baada yake, na uongozi hautafuti.

Aliajiriwa wakati kompyuta za kiganjani zenye kalamu zilikuwa fahari yetu. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha kusoma mwandiko: wa madaktari, wa mawakala wa bima, na wa mama yake mzazi, ambao mashine imeshindwa kuuelewa hadi leo. Kalenda, anwani, daftari na kengele ya kukumbusha viliingia mfuko mmoja wa shati. Mawakala walielekezeana vifaa vyao kama majogoo, majina ya wateja yakapita hewani bila waya. Kisha simu zikameza yote, nasi tukapiga makofi huku tukimezwa.

Yueh-chiao alibaki. Kumbukumbu ya vifaa vile huishi kwa betri. Ikiisha, kila kitu kinafutika. Basi alitengeneza rafu yenye umeme, akavitunza hai vifaa vya wateja huku akisaka betri zisizoundwa tena. Meneja Fan aliiita wodi ya wazee. Akajibiwa kwamba kitanda kimoja ki wazi, aje na mto wake.

Humo kilikuwamo kifaa cha Mama Kang, mjane wa mji jirani wa Zhongli. Marehemu mumewe aliandika kwa mkono wake kikumbusho kinacholia kila asubuhi: "Mke wangu mkaidi, meza dawa ya presha." Maneno yangeweza kupigwa picha, lakini picha hailii. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi Yueh-chiao alimpigia simu Mama Kang, akakisogeza kifaa karibu na simu ili aisikie kengele. Hatimaye betri ilipatikana mjini Tainan, ifike Jumatatu.

Juu ya rafu, kama juu ya kila mashine hapa kwetu, palikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi ambavyo jina lake humaanisha utiifu, ili vifaa vitii. Sote tunajua kwamba pakiti iliyopitwa na tarehe ni balaa kuliko kukosa pakiti. Ijumaa, wakipamba chumba kwa sherehe hii ya kumuaga, watu wa Meneja Fan waliona tarehe imepita. Wakavuta rafu, wakaweka pakiti mpya kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Plagi ikachomoka. Wahandisi wenye shahada ukutani, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Jumatatu kila kifaa kilikuwa kimekufa.

Mama Kang alikuja siku hiyo kuchukua kifaa chake. Yueh-chiao hakumficha kitu. Aliweka betri mpya. Kifaa kikawaka, kikamkaribisha kama mgeni, kikauliza leo ni tarehe ngapi. Meneja Fan akashauri maneno yaandikwe upya, yale yale.

"Usiandike, mwanangu," Mama Kang akamwambia Yueh-chiao. "Mwenye haki ya kuniita mkaidi alikuwa mmoja."

Akakifunga kwenye leso, akaondoka.

Tutaambiwa kwamba kifaa kile kilikuwa kimepitwa na wakati. Uongo. Kilikuwa kinafanya kazi kila asubuhi, mpaka tulipokuja na mapambo.

Dada Yueh-chiao, asante kwa kila ulichokitunza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na mapumziko marefu mbali na watu wenye nia njema kama sisi.