Ndugu Kisyeri Waitara na Matairi Mapya Aliyoyakataa

Tarehe 30 Juni 1981, Ndugu Kisyeri Waitara, fundi mkuu wa kituo chetu cha matrekta hapa Kenyamonta, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Amechelewa kazini mara moja tu, siku alipozaliwa mjukuu wake Gati. Hata siku hiyo alifika na shati la sikukuu, akaingia nalo uvunguni mwa trekta.

Alianzia Tarime mwaka 1954, akiziba pancha za malori. Kusoma alijifunzia ukubwani, ila hesabu alikuwa nayo kichwani tangu zamani. Kipimo chake ni ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Mafundi wa chuo wamekuja na tepu zao, wakaondoka wakimwomba awakatie ukanda kama huo.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ni karani wa stoo, na nitasimulia la Februari 1975. Vijiji vitatu vilitegemea trekta letu moja, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka uliotangulia watu walikula mahindi ya msaada. Sasa mawingu yalishatanda, na matairi ya nyuma yalikuwa kipara. Baada ya kuomba miezi mitano tulipata mawili mapya, na Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mogesi, akachinja mbuzi kuyapokea.

Ndugu Kisyeri aliyazungushia ukanda, akala nyama, kisha akasema hayafungwi. Alieleza kwa upole kwamba magurudumu ya mbele na ya nyuma lazima yaende kwa mwendo uliopangwa. Ukiweka mapya nyuma na kuacha mbele yaliyolika na kupungua mzunguko, yatavutana mpaka gia za ndani zivunjike, na jozi ya mbele ya kulingana na mapya hatukuwa nayo. Mwenyekiti alimuuliza kama watoto wa watu watakula huo ukanda wake. Yeye akaenda kwenye matrekta mawili mabovu nyuma ya stoo, akapima matairi yote manane kwa siku mbili, mvua ikimnyeshea, akachagua manne yaliyochakaa kwa kulingana. Hakuna aliyempigia makofi.

Mapya yalipelekwa kituo cha jirani chenye trekta kama letu, wakayafunga nyuma bila kugusa ya mbele. Wiki ya tatu gia za ekseli yao ya mbele zilisagika, wakarudia jembe la mkono. Trekta letu, na matairi yake ya mabaki, lililima ekari mia mbili na arobaini, kisha likaenda kuwalimia na wao. Nilisimama kando ya shamba nikitazama udongo ule mweusi uliopinduliwa mpaka mtoni, mwili ukanisisimka.

Kuna jambo sijawahi kulisema. Siku alipoyakataa matairi, niliwaandikia wakubwa wa Tarime nikiomba afukuzwe kwa kuhujumu kilimo. Nikampa barua hiyo yeye mwenyewe aipeleke, kwa kuwa alikuwa anakwenda mjini kutafuta tyubu. Juzi tu ofisa aliyeipokea amenieleza kwamba aliifungua na kumsomea. Ndugu Kisyeri alijibu kuwa karani huyo ana uchungu na chakula cha watu, na kituo kisikubali kumpoteza. Miaka sita tumekunywa chai meza moja, hajanigusia jambo hilo.

Shikamoo, Ndugu Kisyeri. Niwie radhi. Wenzako wote tunakushukuru, na tunakuombea afya, utulivu na miaka mingi nyumbani kwako Turwa.

Regina Mokami, Karani wa Stoo