Kadi ya Nne ya Mma Ramokate

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti, Mma Gosego Ramokate anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu ya hapa Kanye kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kubandika lebo migongoni mwa vitabu, akapanda hadi kuwa mkutubi mkuu. Alichelewa kazini mara moja tu, siku ng'ombe wa jirani walipoingia shambani mwake.

Wasomaji wanamjua kwa ubao wa mlangoni. Kila baada ya miezi mitatu, kila mfanyakazi hubandika kadi za vitabu alivyovipenda, na kwenye kila kadi sentensi moja ya sababu. Sheria yake ni moja: hubandiki kitabu ambacho hujakimaliza. Rra Seleka, mlinzi wetu, aliwahi kubandika riwaya ya kurasa mia sita. Mma Ramokate akamuuliza yule mbwa wa mwenye shamba aliishia wapi. Rra Seleka akasikitika, akasema alikufa vibaya. Kitabu kile hakina mbwa. Kadi ikashushwa, na mzee wa watu akakaa getini miezi miwili akikisoma chote. Siku hizi yeye ndiye anayetusumbua kwa maswali ya mbwa.

Safari hii Mma Ramokate amebandika kadi nne tu. Kawaida yake ni kumi. Kwenye kitabu cha ufugaji nyuki ameandika: "Nimejua kwa nini walinifukuza." Kwenye kitabu cha maisha ya mkunga wa Kalahari: "Chai ilipoa mara tatu." Cha tatu ni hadithi za watoto: "Maandishi makubwa yana raha yake." Tulicheka. Hatukujua kwamba alikuwa anatuambia jambo.

Kadi ya nne, ya riwaya ya dada wawili wanaogombea kisima, haina sentensi. Jicho lake la kushoto limezimika tangu Mei, na la kulia linafuata. Amefika ukurasa wa 212 akashindwa kuendelea, na kwa mara ya kwanza ameivunja sheria yake. Jumatatu anapasuliwa jicho Gaborone. Daktari hakumwahidi kitu.

Nilimwomba nimsomee sura zilizobaki.

"Acha, mwanangu," akasema. "Ukinimalizia leo, nitarudi hapa kufuata nini?"

Anaogopa. Juzi nilimwona akipita kati ya rafu, vidole vikigusa vitabu, midomo ikihesabu hatua hadi mlangoni. Alidhani yuko peke yake. Nilirudi nyuma taratibu asinisikie.

Nami naogopa, kwa sababu najua alama iliyoachwa katikati ya kitabu. Mume wangu Tiroyaone alipofariki miaka minne iliyopita, alikuwa ameazima kwetu kitabu cha kutengeneza redio. Tiketi yake ya basi bado iko ukurasa wa 88. Sikuweza kukirudisha, na Mma Ramokate hakuwahi kukidai. Mwaka jana, nikipanga kadi za kuazimia, niliiona ya Tiroyaone imejaa mihuri mbele na nyuma. Kila wiki mbili Mma Ramokate alikuwa akimwongezea muda marehemu, bila kuniambia neno.

Mma Ramokate, asante kwa miaka hiyo yote, na asante kwa mihuri ile. Kadi ya nne tumeiacha ubaoni ingawa sheria hairuhusu. Rra Seleka anasema atakayeuliza aende kwake getini. Riwaya ya wale dada nimeiandika kwa jina lako, irudishwe tarehe 13 Septemba. Iko chini ya kaunta na haiazimwi na mtu mwingine.

Tunakutakia mikono mitulivu ya daktari, nyumba yenye amani, na jicho la kukufikisha ukurasa wa mwisho. Tarehe 13 ikifika hujarudi, nitagonga muhuri mwingine. Na baada ya huo, mwingine.

Lesego Tshukudu, kaunta ya kuazimia