Msumeno wa Ng'ombe na Ndama

Sogeeni, wanangu. Prodige, kaa hapa kwenye kichwa cha kitanda uniwekee mkono begani, na wewe Umwiza shika mkono wa mama yenu Donatille, maana nina maneno na pumzi yangu leo ni kama umeme wa Goma, inakuja na kukatika bila kuomba ruhusa. Msilie kwanza. Mimi Paulin nimechuuza vyuma vikuukuu kutoka Kisangani hadi Bujumbura, nimelala juu ya malori na ndani ya mitumbwi ya Vitshumbi katikati ya samaki, na kote nilikofika watu walicheka kabla sijafungua mdomo kwa sababu ya masikio haya makubwa. Basi hata leo mna ruhusa ya kucheka, mradi msikie.

Nikishazikwa, binamu yangu Barthélemy atakuja hapa akikohoa kama hakimu, aseme: "Ntirenganya alikufaka zamani, nusu yake ya parseli ya Keshero tuigawe." Na wewe Prodige utatikisa kichwa kukubali, kwa sababu umeshachora duka lako la vifaa kwenye kiwanja kile. Ninakataza. Nusu ile baba yangu alimpa kaka yangu Ntirenganya kwa mdomo wake, mbele yangu, na sitaki niifikie ardhi huku mmeshamnyang'anya yake. Mtaniuliza nusu ya mfu ni ya nani. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mwaka wa tisini na sita, vita vilipokuwa vinamwaga watu barabarani, kaka alipanda Kibumba kumwezekea mtu nyumba, na msumeno wa baba kwapani, umefungwa kwa gunia. Hakurudi. Tulingoja mpaka mama yetu alipochoka kungoja, tukazika koti la kaka, na katekista akaliombea kama mwili. Msalaba niliupigilia mimi, ukapinda, na hata siku ile watu walinicheka. Halafu ukaja Januari wa elfu mbili na mbili, mlima wa moto ukashuka hadi mjini, ukaifunika karakana yetu ya kwanza kwa mawe ya moto, na mimi nikaanza upya kwa nyundo moja isiyo na mpini.

Miaka ikapita. Siku moja, soko la Virunga, mchana kweupe, nikaukuta msumeno ule wa baba umelala kati ya mapanga ya Mwavita, yule mama anayeuza zana za mtumba.

Prodige, kazi hii utabaki nayo, basi jifunze. Msumeno wa mtumba usiusome kwa kutu, mvua za hapa zinaweza kumfanya mtoto wa juzi aonekane babu. Shika mgongo wake: wa zamani ni mwembamba mgongoni kuliko kwenye meno, ili usibanwe na mbao, wa siku hizi unene wake ni mmoja kote. Upinde, uachie: wa zamani unarudi wima na kuimba. Tazama mpini: ukiona skrubu za shaba ambazo nati zake zimezama ndani ya mti, zimechanjwa mfereji katikati, huyo alizaliwa kabla ya babu yako, ukiona plastiki, huyo ni wa rika lako, ataanza kulalamika kabla ya kazi. Kifungo kikubwa cha shaba hubeba chapa ya kiwanda. Na chapa ikiwa imefutika, sugua bamba polepole kwa msasa uliolowa, maandishi yatatokea chini ya kutu kama uso nyuma ya dirisha.

Ule sikuhitaji kuusugua. Baba aliupata kwa Mbelgiji mmoja wa mashamba ya Masisi, na ni kaka aliyekuwa akiunoa. Kaka alitumia mkono wa kushoto, na tupa yake haikuwahi kulinganisha meno: moja kubwa, moja dogo, moja kubwa, moja dogo, hadi mwisho. Baba, mtu wa mifugo, alikuwa akicheka: "Haya haiko meno, ni ng'ombe na ndama zao wanashuka kwenye maji." Katika safari zangu zote sijaona mwingine anayenoa hivyo.

Lakini bamba lilikuwa limegeuka rangi ya buluu, kama chuma kilichopita kwenye moto mkali, na karibu na mpini lilikuwa limegandama tone la jiwe jeusi la mlima. Na tupa, wanangu, ilikuwa imepita juu ya ile buluu. Kila jino lilikuwa jeupe, jipya. Yaani ulinolewa baada ya moto. Tulikuwa tumezika koti la mtu ambaye bado ananoa. Chuma kilichopikwa hivyo hulegea kama bati, ukikipinda kinabaki kimepinda. Huu niliupinda ukarudi wima, ukaimba, na Mwavita akajishika kifua.

Nikamuuliza nani ameuleta.

"Mutu murefu," akasema. "Anashika vitu na mukono wa kushoto. Hakuomba hata kitu. Alisema: mudogo wangu atakuja, utamujua kwa masikio."

Nikauleta hapa. Nikaupasulia mbao ngumu mpaka ukawa butu kama mahubiri yangu. Asubuhi nikaukuta una makali, ng'ombe na ndama, na unga wa chuma umetanda mezani. Nikamgombeza Prodige, akanijibu: "Papa, tupa miye naishikaka wapi? Miye niko mutu wa mashine." Na ni kweli, huyu hawezi kunoa hata kucha. Nikaufungia sandukuni, ikawa vile vile. Mwaka ule mlima ulipolipuka tena ukatukimbiza kwa miguu hadi Sake, tuliuacha humo. Tuliporudi kufuli lilikuwa mahali pake, na msumeno ulikuwa juu ya meza. Mimi sisemi yu hai, sisemi amekufa. Nilitamani kumwona, lakini kila nilipotaka kukaa karakanani kumngoja, nilijifanya nina usingizi.

Basi hivi ndivyo mtakavyofanya. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka achoke nayo. Zana ni za Prodige. Nusu yangu ya Keshero gawaneni sawa, na Umwiza asiambiwe yeye ni mwanamke. Nusu ya juu, ile ya kaka, upande wa mikaratusi, lisiwekwe jiwe la msingi. Msumeno utundikeni ukutani, asiuuze mtu, asiunoe mtu. Barthélemy akikohoa, mwonyesheni meno ya msumeno.

Maji kidogo, Umwiza. Asante, mama.

Mungu awape... awape usingizi ambao haukimbizwi. Awape watoto wenye masikio madogo. Awa...

Nani ananoa kule karakanani? Prodige, si wewe, mkono wako uko begani kwangu. Mama yenu huyu hapa. Sikilizeni tupa... nzito... nyepesi... nzito... nyepesi. Donatille, acha, usifunge mlango kwa komeo. Mwambieni nusu yake... haijaguswa. Mwambieni masikio... ni yale yale.

Mmesikia? Ameacha.

Mfungulieni.