Niliposimamisha Keki ya Harusi

Wamama wa kikundi, salamu. Kusimama mbele ya watu sijazoea, kazi yangu ni kuonyesha wengine. Nikikosea, mnivumilie.

Pale kwenye ukumbi wa sherehe hapa Arua nilikuwa nakaa kachumba ka juu na kompyuta. Kamera za ukumbi, kompyuta ya mhubiri, dekoda ya mpira, vyote vilikuja kwangu kwa waya wa mtandao. Nikibonyeza hapa, bibi harusi anatokea kwenye skrini ya ukumbini. Nikibonyeza pale, wa kwenye tenti wanaona mpira. Hata jikoni kulikuwa na skrini, wapishi wajue saa ya kupakua.

Siku moja mlevi aliingia akabonyeza, mahubiri yakageuka mpira. Tangu hapo bosi akawa ananifungia kwa kufuli, kwa nje. Simu yangu akachukua, eti inakula mtandao. Akaweka kamera humo chumbani, yenye kusikia sauti, aone kama nalala. Na kukojoa? Kwenye kopo. Ndiyo, chekeni, mimi nililia. Lakini nilikubali, dada zangu, kwa sababu nina watoto, na bosi alisema, "Kama hutaki, kazi ya kubeba magunia iko mingi Koboko."

Halafu ikaja harusi moja. Mvua ilinyesha, umeme ukapotea, wafanyakazi wakasogeza jenereta chini ya dirisha langu, isilowe. Vioo vilishavunjika, zimebaki nondo tu. Moshi ukaingia. Kichwa kikauma, miguu ikalegea. Niligonga mlango, nikapiga kelele, na muziki niliokuwa natuma mwenyewe ukanifunika. Bosi alikuwa ameenda mji wa Koboko, ufunguo mfukoni.

Chini, maharusi wanalishana keki. Nikawaza, nikikata picha hii, kazi imekwisha. Nawaambia ukweli, niliogopa kufukuzwa kuliko kufa. Nilikaa na woga huo mpaka nikatapika.

Ndipo nikaona kwenye kompyuta ile kamera ya kunichunga. Ilikuwa kwenye mtandao huohuo! Nikazima muziki, nikaituma kamera hiyo kwa skrini zote, na sauti yake kwa spika zote. Nikasema, "Mimi iko huku juu. Nimefungiwa. Nakufa."

Watu wakacheka! MC akasema ni filamu. Lakini jikoni mpishi mmoja alinijua sura. Nikamsikia kwenye ngazi: "Si filamu! Mutu iko ndani! Leta shoka ya kuni!"

Wapishi walivunja kufuli. Nilitoka kwa magoti. Bibi harusi alipanda ngazi akanishika kichwa, nikamtapikia gauni, naye akasema tu "pole, mama, pole."

Kazi niliipoteza, siwafichi. Nilikaa nyumbani nikiona aibu, mpaka wapishi walewale wakanileta kwenu, mkanisimamisha tena. Sasa naonyesha harusi nikiwa nimekaa nje, kwenye kona ya tenti, na chai yangu. Wapishi, mko hapo nyuma, najua hamtaki niseme majina. Asanteni sana. Na bibi harusi yule, Mungu amlinde popote alipo.

Miaka yote nilionyesha furaha ya watu, nikadhani taabu yangu haifai kuonwa. Dada, kama umefungiwa leo, na bosi au na mume, piga kelele kabla miguu haijalegea. Usiogope kuharibu sherehe ya watu. Keki watakata nyingine.