Kisiki Kutoka Damu

Benchi la Shangazi muuza kahawa liko ubavuni mwa ghala la nafaka, pale ukuta unapotoa kivuli mpaka adhuhuri. Winchi, mpagazi wa ghala hilo, ameketi hapo tangu asubuhi na hajainuka. Jina alilipata kwa kubeba magunia mawili kwa mkupuo, na kila Shangazi akimaliza kuuza, ni yeye humrudishia benchi ndani kwa mkono mmoja, huku akipiga mluzi. Leo gunia la kwanza tu limemchoma kiunoni kama msumari. Akaketi polepole, akaomba kahawa, na tangu hapo anamwomba Mungu mabishano ya benchini yasiishe, asije akatakiwa kuinuka. Bahati yake, jana yeye na wenzake wawili wa kahawa walikuwa banda la video kutazama sehemu ya pili ya filamu ya Kisiki, shujaa asiyeumia.

— Mimi nina hasira mpaka sasa, — alisema Winchi. — Sehemu ya kwanza treni inamgonga, jamaa anakung'uta shati. Sehemu ya pili anakatwa na kigae cha kioo, damu hiyo, anaanguka chini. Huyo ni Kisiki au shemeji yake?

— Kosa ni la fundi, — alisema Cherehani, mshonaji wa jirani. — Vazi la kwanza lilipigwa uzi mara mbili. Hili la pili nimelichungulia kwapani: mshono mmoja, tena wa kulipua. Hapo hata upepo unaingia, sembuse kioo.

Betri, fundi redio, akaweka kikombe chini.

— Nguo gani, wewe? Yule kaoa. Mwanzo alikuwa kapera. Ukishapata mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi, ngozi inalainika. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo? — aliuliza Winchi.

— Mke si alikuja mgeni?

— Na mwenyeji si ndiye aliyeumia?

— Methali haitaki haraka, Winchi.

Cherehani akainama mbele, akapunguza sauti.

— Aliyetoka damu ni pacha wake. Kisiki mwenyewe wamemweka kwenye jokofu la serikali, anasubiri sehemu ya tatu. Chanda chema huvikwa pete.

— Pacha gani? — alisema Betri. — Kile kioo kilitoka mwezini. Kioo cha hapa hakimkati.

Winchi alichoka nao.

— Hata kingetoka kwenye jua lenyewe! Tumeingia mle kumtazama mtu asiyeumia. Kama na yeye anaumia, sisi wengine tuegemee wapi?

Alipaza sauti, na kiuno kikamkumbusha. Akameza mguno pamoja na kahawa.

— Kahawa imekwisha, — alisema Shangazi, akipindua birika. — Inukeni. Winchi mwanangu, benchi.

Wenzake wakainuka. Winchi akatazama ndala zake.

— Subiri kidogo, Shangazi. Hoja bado.

Hapo akafika dereva wa lori, mgeni, akimtafuta huyo Winchi anayesifiwa, ampakulie mzigo. Kabla hajajibiwa, Betri alishamsimulia kisa chote cha Kisiki, treni mpaka damu. Dereva akasikiliza kwa adabu.

— Sawa. Alipoanguka, nani alimwinua?

Damu ilipotoka tu, wote watatu walikuwa wameondoka bandani kwa hasira, Winchi akiwa mbele.

— Lazima yupo, — alisema dereva. — Hawawezi kumwacha chini filamu nzima.

Winchi aliona aibu, lakini maumivu yalizidi aibu. Akanyoosha mkono.

— Winchi ni mimi, ndugu yangu. Mzigo tafuta watu wengine. Kiuno kimenikatalia tangu asubuhi. Nishike hapa. Taratibu.

— Tangu asubuhi! — alisema Shangazi. — Na mimi namimina kahawa tu, badala ya kukukanda.

Dereva akamwinua. Betri na Cherehani wakalishika benchi, huyu huku, huyu kule. Hatua tatu, wakalitua.

— Kumbe zito hivi, — alisema Cherehani, akihema.

— Siku zote, — alisema Winchi.