Bi Nuru na Mikate ya Alhamisi

Ndugu zetu Waislamu, assalaam aleikum, na ninyi majirani zetu wa Jeppestown mnaosali makanisani, mliojaa hapa tangu jana kuliko hata sisi wenye msiba, poleni na karibuni. Familia ya Mzee Vuai Pandu imenipa mimi, Bakiri, mdogo wake, kazi ya kusoma historia ya shemeji yangu leo Alhamisi, tarehe 25 Julai 2019, kabla hatujamchukua kwenda kumsalia na kumzika. Najua mnajiuliza kwa nini madirisha yote ya nyumba yako wazi na baridi hii ya Johannesburg, na wapo waliojaribu kuyafunga wakazuiwa, vuteni subira, sababu yake itafika. Haya ninayoyasoma tumeyaandika pamoja, isipokuwa sehemu inayomhusu Naseeb, mtoto wa kiume wa marehemu, ambayo aliiandika mwenyewe na kuniomba nisiipunguze hata neno, kwa kuwa sauti ya kuisoma hana.

Marehemu Ainura binti Jumabek, ambaye ninyi mnamjua kwa jina la Bi Nuru au Mama Yasmin, alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 katika kijiji kilicho karibu na Kochkor, mkoa wa Naryn, nchi ya Wakirgizi, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Jumabek, mchunga kondoo wa shamba la ushirika. Nchi hiyo ni ya milima na nyika, watu wake walihama na farasi na mahema, na kabla Uislamu haujawafikia waliiomba mbingu iliyo juu yao, wakaiita Tengir, wakawaheshimu mno wazee wao waliotangulia. Uislamu ulipofika waliupokea kwa mikono miwili, lakini hawakuyafukuza ya zamani yote nje ya nyumba, kama na sisi wa Unguja tusivyoyafukuza yetu, tusidanganyane hapa mbele ya maiti. Marehemu alilelewa na bibi yake mzaa baba, na kila Alhamisi jioni alimwona bibi huyo akikaanga katika mafuta mikate saba ya duara, ili harufu yake iwafikie marehemu wa ukoo, kwani kwao inaaminika kwamba roho za wafu hurudi mlangoni usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwamba hazili chochote ila harufu, mkate wenyewe wanapewa majirani.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1969, akamaliza mwaka 1979, kisha akaenda chuo cha ufundi wa nguo mjini Frunze, mji ambao leo unaitwa Bishkek, akahitimu Juni 1984. Huko ndiko alikokutana na kaka yangu Vuai, aliyekwenda mwaka 1981 kusomea udaktari wa mifugo, na ambaye majira ya baridi ya mwaka 1983 alimpelekea koti lake alitie bitana, koti alilotoka nalo Unguja, ambalo fundi alipolishika aliuliza kama ni koti au ni shati lenye mifuko mingi. Walifunga ndoa ya serikali tarehe 19 Julai 1985, na Agosti 1986 wakafungishwa nikahi Unguja, nyumbani kwetu Kikwajuni, mama yetu, Bi Zabibu, akiwa amekaza kwamba karatasi za Warusi hazimwozeshi mwanawe.

Alhamisi yake ya kwanza pale Kikwajuni bibi harusi aliomba unga na mafuta, mama akasimama mlango wa jikoni mikono kiunoni, akauliza hiyo mikate ni ya nani, akajibiwa kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba ni ya waliokufa. Tulidhani yatazuka makubwa. Mama akasema hata wafu wa nyumba ile huja siku hiyohiyo kusomewa Yasini, na miaka yote wanasomewa kavu, basi waongezewe mkate, naye akavuta kibao cha mbuzi akakaa. Tangu siku hiyo jina la Ainura, ambalo ulimi wa mama ulishindwa kulitamka, mama alilikata akamwita Nuru.

Marehemu alipomkabidhi mtu mkate alisema maneno ya kwao, Tengir jalgasin, ambayo kwa Wakirgizi ni shukrani tu, sawa na sisi tunavyosema Mungu akulipe, lakini masikio ya Unguja yalisikia tenga, na kila aliyepewa mkate akamega kipande akakitenga pembeni, tukiamini ndiyo desturi yao, kumtengea asiyekuwepo. Alipogundua kosa letu alicheka mpaka akakaa chini, wala hakulisahihisha, na baadaye na yeye mwenyewe akawa anasema tenga, kwa herufi zetu. Watoto wake wawili, Yasmin aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1987 na Naseeb aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1990, walikua wakitenga, wakijua hilo ni neno la Kiswahili kama mengine.

Mwaka 1998 familia ilihamia Johannesburg, Mzee Vuai akapata kazi katika kampuni ya chakula cha mifugo, marehemu akafungua chumba cha kushona ovaroli na sare za walinzi hapahapa Jeppestown, chini ya nyumba hii, kazi aliyoifanya mpaka Januari mwaka huu. Kila Alhamisi ngazi hizi zilinuka mkate, Mzulu wa hosteli ya wafanyakazi iliyo jirani akaiita mikate hiyo magwinya ya bure, yaani maandazi ya huku, na dada yetu Célestine wa Lubumbashi, ambaye tangu mwaka 2009 anakaanga na kuuza mikate yake ya duara pale kwenye kona, chini ya dirisha la chumba cha marehemu, alilalamika kwa utani kwamba mama huyu anamharibia soko. Wote walitenga.

Sasa nasoma ya Naseeb, aliyojiandika kama anamwandika mtu mwingine, na mimi nitaongeza yangu machache.

Mwaka 2015 Naseeb alianza shahada ya pili katika chuo kikuu kule Braamfontein, na mwaka huohuo alianza kuifuata dini kwa bidii, akahudhuria darasa na wenzake kila Jumamosi, jambo ambalo wazazi wake walilifurahia. Mama yake ndiye aliyemshonea kanzu tatu. Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata, akiwa maktaba, alikutana na kitabu kuhusu imani za kale za watu wa nyika, akakichukua kwa mapenzi, akitaka kuwajua wajomba ambao hakuwahi kuwaona, na humo akakuta Tengir, mungu wa mbingu, akakuta na mafuta na harufu na roho za wazee. Neno alilolitamka utotoni na mkate mdomoni lilikuwa jina la mungu mwingine. Anaandika kwamba alisikia joto la aibu usoni, na kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli, alimwogopea mama yake moto, hilo anaomba lijulikane, ingawa hajitetei nalo.

Alhamisi ya tarehe 15 Septemba 2016, siku chache baada ya Idi Kubwa, alirudi nyumbani akamkuta mama yake jikoni, mikate mitatu imeshatoka na wa nne uko kwenye mafuta. Hakukaa. Hakumuuliza mama yake yule bibi aliyemlea alikuwa nani wala hilo neno kwao linatumikaje, hakwenda kwanza kwa sheikh wala kwa baba yake aliyekuwa chumba cha pili, alisema palepale mlangoni, na majirani wawili wakiwa wamekuja kupokea:

"Mama, unamwabudu nani?"

Bi Nuru alimtazama, akautoa mkate wa nne usiungue, akazima jiko, akasema, "Haya, baba." Basi. Mafuta yalimwagwa, sufuria ile ikafungiwa kabatini, na Naseeb alilala usingizi mzuri akijua amemwokoa mama yake. Mzee Vuai alisikia kila kitu na hakutoka chumbani, kwa kutaka amani ya nyumba, na sisi wengine tulipopigiwa simu tulisema kijana amesoma. Kwa miaka karibu mitatu mikate haikukaangwa humu ndani, marehemu aliendelea kusali, kufunga na kushona, hakununa, na mtu asiponuna wenzake hudhani hakuumia.

Februari 2019 marehemu alianza kuumwa tumbo, tarehe 6 Machi madaktari wakagundua ni saratani iliyokwisha kuenea, akalazwa mara mbili, na mwezi wa Mei aliomba arudishwe nyumbani. Naseeb aliomba ruhusa kazini, akamuuguza kwa mikono yake, akamlisha na kumgeuza, na Yasmin aliye Dar es Salaam anashuhudia kwamba kila alipopiga simu, usiku au mchana, aliyepokea ni Naseeb. Nalisoma hili kwa nguvu kwa sababu yeye aliliandika kwa maneno machache mno.

Katika ugonjwa huo marehemu alikuwa na ombi moja, alimwomba Naseeb amfungulie dirisha. Aliliomba jioni, na Naseeb hakuligundua wakati ule, lakini akikumbuka sasa, siku zote ilikuwa ni Alhamisi. Kila mara alimjibu kwa upole kwamba nje kuna baridi, akaliangalia kama limefungwa vizuri, akamwongezea blanketi. Alhamisi ya mwisho, wiki iliyopita, marehemu alisema, "Kidogo tu, baba," na Naseeb akamwambia, "Ukipata nafuu, mama." Alifariki jana Jumatano, tarehe 24 Julai 2019, baada ya sala ya Alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe, na dirisha likiwa limefungwa.

Jana adhuhuri Célestine alipanda ngazi hizi na ndoo ya unga uliokwisha umuka, akamuuliza Naseeb kama anaweza kukaangia hapa, kwa ajili ya mama. Naseeb akamuuliza kwa nini. Yule dada alishangaa kwamba mtoto hajui, akamwambia hivi, nami nayasoma kama alivyoyasema:

"Mama alikuwa anakuya kila siku ya ine, anasimama tu mu moshi, anaita bantu yake majina, anaenda. Miye sikumuuliza kitu."

Siku ya ine kwa watu wa Lubumbashi ndiyo Alhamisi yetu. Tangu jiko lake lizimwe, marehemu alishuka kila Alhamisi, akasimama barabarani kwenye moshi wa mafuta ya mwenzake, akawaita wafu wake mmoja mmoja, kisha akanunua mikate saba akawagawia waliokuwa kwenye foleni, na aliposhindwa kushuka alitaka dirisha tu, ili harufu imfuate kitandani. Naseeb aliketi sakafuni. Célestine akaketi naye, wala hakumwambia anyamaze.

Hapo ndipo kaka yangu Vuai alipofungua mdomo, akiwa amechelewa na akijua hivyo, akamweleza mwanawe alichokiona mwaka 1984 alipopelekwa Kochkor kutambulishwa. Misikiti ilikuwa imefungwa, msahafu wa nyumba ile ulizikwa chini ya zizi miaka mingi kabla na hakuna aliyekumbuka ni wapi, na yule bibi, mafuta yalipoanza kuvuma, aliinamia sufuria akasoma Kulhuwallahu kwa kunong'ona, maneno yamelika kwa kukosa wa kumsahihisha, kwa sababu sauti ya mafuta iliificha sauti yake, isimfikie mtu wa chama cha Kikomunisti aliyeishi ukuta wa pili. Kila mtoto wa ukoo alijifunza sura hiyo pale jikoni, na Bi Nuru ni mmoja wao. Uislamu wa watu wale ulipita kwenye sufuria ile, jina la mbingu na jina la Mwenyezi Mungu yakiwa yamelala kitanda kimoja kwa karne nyingi bila kugombana, mpaka alipokuja msomi wetu wa Braamfontein kuyagombanisha. Haya maneno ya mwisho si yangu, ni ya Naseeb.

Jana hiyohiyo Naseeb alikwenda kwa sheikh wetu, aliyeketi hapa mbele, akamweleza yote. Sheikh akamjibu kwamba kuwaombea wafu na kuwalisha watu kwa nia ya sadaka hakuna ubaya, na kwamba lile neno mama angeelezwa kwa heshima akaelewa, na lau angeulizwa mwaka 2016 mazungumzo yangechukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Anaandika Naseeb kwamba hilo ndilo lililomkata zaidi. Ameomba radhi kwa mama yake jana na leo, amemwomba sikioni kabla ya kuoshwa, na anajua kwamba anayeombwa hajibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Februari mpaka Julai, mafundi wenzake wa chumba cha kushona, waajiri wa Naseeb waliompa ruhusa bila kinyongo, Watanzania na Wakongo wa mtaa huu waliotuletea maji, kuni na viti, na wanaume wa hosteli waliojitolea kulibeba jeneza kwenye ngazi hizi nyembamba. Tunamshukuru Célestine, ambaye alimpa mama yetu kwa miaka mitatu kitu ambacho sisi tulimnyima, na hakututangaza.

Harufu inayoingia sasa hivi kutoka uani ndiyo sababu ya madirisha. Anayekaanga ni Naseeb, tangu alfajiri, kwa sufuria ya mama yake iliyotolewa kabatini, na wale mliomwona ameungua vidole mjue hajawahi kukaanga maishani mwake, saba ya kwanza iliungua, tumeila sisi. Mlangoni kila mmoja atapewa mkate kutoka mkononi mwake, Mwislamu na Mkristo, na mtakapopewa atawaambia neno moja, mkilisikia kwa Kiswahili ni sawa, mkilisikia kwa Kikirgizi ni sawa. Megeni kipande, mkitenge.

Bi Nuru, mke wa kaka yangu, pumzika, Mungu akulipe. Dirisha liko wazi.